Jina Nililolikataa kwa Adabu

Paris,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, Mama. Mnaendeleaje huko Kichiwa? Goti lako linasemaje na baridi ya mwezi huu? Dada Zawadi ameniambia mnaamka asubuhi mnakuta umande umeganda juu ya viazi. Baba je, ameshakubali kulivaa lile koti nililomtumia, au bado linaning'inia nyuma ya mlango likisubiri Krismasi? Na kwaya, mmeshapatana na mwalimu wenu juu ya nani aongoze sauti ya pili, au mnaendelea kununiana mpaka Pasaka? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kanisani nakwenda, ingawa ibada ya huku ni fupi mno. Mtu hajakaa vizuri kwenye benchi, mchungaji ameshaaga.

Barua hii anaileta dada mmoja wa Iringa anayesoma hapa, anakuja likizo. Ataiacha dukani kwa Mzee Abdallah pale Makambako, na Zawadi ataichukua siku atakayopeleka viazi stendi ya malori. Nimeamua kuandika kwa sababu simu hainitoshi. Kwenye simu unaniuliza kama nimekula, nakujibu nimekula, unaniuliza kama kuna baridi, nakujibu ipo, kisha mtandao unakata. Na jambo hili ni refu, linataka mtu akae chini.

Najua Zawadi amekwambia kwamba jina langu limetokea kwenye filamu kubwa. Ni kweli, Mama. Ila hakukwambia, kwa kuwa nilimsihi asiseme, kwamba jina hilo nililikataa kwa mdomo wangu mwenyewe na nikakaribia kulikosa kabisa. Na usiniangalie hivyo, sehemu ya kosa ni yako. Nitakueleza.

Nianze na huyu bibi ninayemfanyia kazi, Madamu Odile. Kila mara unaniuliza ni nani hasa, nakujibu ni mhariri wa filamu, unasema "haya," na mimi najua hukuelewa. Ni hivi. Wanaopiga picha hawaleti filamu, wanaleta vipande. Kipande cha mtu anafungua mlango, kipande cha mtu huyohuyo anafungua mlango huohuo mara kumi na nne, kipande cha mbwa aliyepita bila kuitwa. Ni kama mtu amekushushia gunia la maharage lenye mawe, makapi na majani. Mhariri ndiye anayekaa na ungo. Anachagua, anakata, anaunga, mpaka unapoketi kutazama unadhani mambo yalitokea hivyo hivyo yalivyo.

Madamu Odile amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka hamsini. Alianza akiwa binti wa miaka kumi na saba, baba yake fundi wa reli, wakati filamu bado ni utepe wa kushika mkononi. Walivaa glavu nyeupe za pamba, wakakata kwa wembe na kuunga kwa gundi, na vipande wakavitundika kwenye misumari kama soksi kwenye kamba. Baadaye akawa mhariri anayetafutwa na waongozaji wote. Tuzo kubwa ya filamu ya nchi yao ameipata mara mbili. Niliitafuta kwa macho nyumbani kwake muda mrefu nikitaka kuiona, mwisho nikazikuta zote mbili kabatini, nyuma ya mitungi ya jamu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema zinakusanya vumbi na yeye hapendi kufuta.

Alinichukua kwa sababu ya harusi za Makambako, utake usitake. Siku ya usaili wenzangu walikuwa wanataja filamu za shule na mashindano waliyoshiriki. Mimi nilipoulizwa nimehariri nini, nikasema harusi. Akasogeza kiti. Nikamweleza nilivyoanzia kwenye studio ya Mzee Abdallah baada ya kidato cha nne, na ile harusi ya kwanza ambapo nilimkata shangazi wa bwana harusi kwa kuwa alicheza dakika saba mbele ya kamera. Unakumbuka alivyokuja dukani na kanga mbili kiunoni, akitaka arudishwe kwenye harusi yake? Mzee Abdallah aliniambia, "Binti, toa maua, toa keki, hata bibi harusi mpunguze, lakini shangazi usimguse." Madamu Odile alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaniuliza kama nilimrudisha. Nikamwambia nilimrudisha, dakika zote saba. Akasema, "Unaanza Jumatatu."

Sasa hapa ndipo unapoingia wewe, Mama. Wiki ya kwanza, saa ya mchana, alitoa supu na mkate, akaniuliza kama ninakula. Nikajibu kama ulivyotufundisha: nimeshiba, asante. Unakumbuka somo lako? Ukikaribishwa mara ya kwanza, sema umeshiba. Ya pili, sema asante, usijisumbue. Ya tatu, nawa mikono. Basi nikasema nimeshiba, nikajiweka sawa kusubiri ya pili. Madamu Odile akafunika sufuria. Hakuna ya pili, hakuna ya tatu. Nilikaa na harufu ya ile supu mpaka jioni. Ikawa hivyo siku zote za wiki mbili, mimi nikimwona mchoyo wa ajabu, yeye akidhani nimefunga. Mwisho akaniuliza kwa upole mkubwa mimi ni wa dini gani.

Tulicheka tukayamaliza, na tangu siku ile nikiulizwa kama ninakula, nasema ndiyo na sahani naishika mwenyewe. Nilidhani nimejifunza. Kumbe nilijifunza kwa upande wa supu tu.

Mwaka jana Bwana Lucien, mwongozaji mmoja ambaye Madamu amemhariria filamu nyingi, alileta filamu mpya. Ni habari ya mwanamke anayerudi kijijini kwao kuuza nyumba ya marehemu baba yake, na ndani ya nyumba kuna ndugu ambaye hawajasemezana miaka mingi. Madamu alisema hiyo itakuwa ya mwisho, akiimaliza anapumzika. Wiki ya pili ya kazi niliona jambo. Alikuwa anatazama pembeni ya skrini badala ya kwenye skrini. Nikimwonyesha vipande viwili achague, ananiuliza, "Wewe unaonaje?" Hakuwa na tabia ya kuuliza mtu anaonaje.

Siku moja nikabadilisha miwani yake mahali, kwa bahati mbaya tu wakati nafuta meza, akaitafuta kwa vidole kama mtu anayetafuta sindano. Nikamwambia, "Madamu, macho yana nini?" Akaipata, akaivaa. Kisha akaniambia kwamba katikati ya macho yake pamekuwa na doa. Pembeni anaona, ndiyo maana anatembea barabarani na anashuka ngazi bila mtu kugundua, lakini akimtazama mtu usoni, uso haupo. Madaktari wamesema hautarudi. "Na huwezi kuhariri filamu kama nyuso hazipo," alisema. Niliumia, Mama. Nilimwona mdogo kwenye kile kiti ambacho kila siku alikuwa anakijaza.

Aliniomba nisimwambie mtu. Bwana Lucien angeiondoa filamu, na yeye alitaka kumaliza moja ya mwisho kwa miguu yake. Nikakubali. Basi tukafanya kazi hivi: mimi nakaa kwenye kompyuta, yeye anakaa nyuma yangu amefumba macho. Mimi namweleza. Mwanamke yuko mlangoni, mkono wa kushoto una mfuko, macho anatazama kizingiti. Yeye anasikiliza pumzi, viatu, kimya. Mara anasema "hapo," nami nakata. Lakini kadiri siku zilivyokwenda "hapo" zake zilipungua. Alikuwa ananiacha nikate, kisha anasikiliza, anatikisa kichwa au anaguna. Kwa miezi sita karibu kila mkato uliomo ndani ya ile filamu ni wa mkono wangu. Najisikia vibaya kuandika hivyo hata sasa, lakini ndiyo ukweli.

Kuna kipande kimoja nikueleze, maana kina kazi mbele. Yule mwanamke anafika nyumbani kwa baba yake, anabisha hodi, halafu anasimama. Anasimama muda mrefu kabla ya kusukuma mlango. Bwana Lucien alitaka kipunguzwe, alisema watu watachoka. Mimi nikamwambia Madamu, kwetu mtu akishapiga hodi haingii, anasubiri aambiwe karibu. Huyu dada anasubiri karibu ya mtu aliyekufa. Madamu akaniambia, "Kiache kizima." Tukakiacha, tukampelekea Bwana Lucien. Akapiga simu akiwa karibu kulia, akamwambia Madamu kwamba ni mtu mmoja tu duniani ambaye angethubutu kuuacha ule mlango. Madamu alinigeuzia uso, akasema kwenye simu, "Asante," na akabaki na ile simu mkononi baada ya kuikata.

Siku tulipomaliza, asubuhi, akanimiminia kahawa mwenyewe. Akasema, "Mwishoni tutaandika wahariri wawili. Jina langu na lako."

Moyo ulinirukaruka, Mama, mpaka nikaogopa anausikia. Na mimi nikafanya nini? Nikainamisha kichwa. Nikasema, "Hapana, Madamu. Hiyo ni kazi yako. Mimi ni msaidizi tu." Ningesema nini kingine? Mtu mzima wa miaka sabini na mmoja, mwenye tuzo mbili, anakuwekea jina lako sambamba na lake, nawe unadaka kama mtoto anayepewa pipi? Kwetu ningeonekana mtu asiye na kwao. Nikatazama sakafu nikisubiri anisihi.

Akasema, "Sawa." Akachukua koti lake akatoka.

Nikajipa moyo kwamba kesho atarudia. Kesho yake nikafika mapema, nikatengeneza kahawa, nikapitapita mbele yake kama kuku anayetaka kutaga. Hakusema kitu. Siku ya tatu akaanza kunisemesha kwa ufupi: fungua, funga, tuma. Ule utani wake wote ukaisha. Mimi nikaona basi, ameona afadhali nilivyokataa, kumbe alikuwa ananipima tu. Nikanuna na mimi. Tukawa wawili tumenuniana kwenye chumba kisicho na dirisha.

Wiki iliyofuata ikaletwa orodha ya majina yote yatakayopita mwishoni mwa filamu, ihakikiwe kabla ya Ijumaa mchana. Baada ya hapo haibadiliki. Nikateremka nayo mpaka kwenye uhariri. Jina la Madamu Odile peke yake. Chini kabisa, kati ya madereva na waliopika chakula, msaidizi wa uhariri, jina langu. Mama, nililia. Nilikuwa nimejidanganya kwamba sijali. Filamu hii ni ya mwisho kwake, akiondoka yeye mimi ninaondoka na nini? Nani atajua kwamba ninaweza? Nitaanza tena kubeba kahawa kwenye chumba cha mtu mwingine, na kila kitakachosifiwa kwenye ile filamu nitakisikia nikiwa nimekaa kimya.

Nikampigia Zawadi. Alikuwa stendi ya malori, wapakiaji wanapiga kelele nyuma yake, ikabidi nipaze sauti mpaka jirani yangu akagonga ukuta. Nikamweleza yote. Akasema, "Ngoja kwanza. Ulimwambia hutaki?"

"Nilimwambia hapana kwa adabu."

"Na ulikuwa unataka?"

"Nilikuwa nataka."

"We Faraja, umesoma mpaka Ulaya kumbe kichwa umekiacha Kichiwa! Wale hawabembelezi. Ukisema hutaki, wamesikia hutaki. Hata mimi mtu akiniambia hapa hataki viazi, nampa mwingine, lori linaondoka. Nenda kaseme."

"Nikaombe mwenyewe sifa? Mama akisikia?"

"Mama yuko shambani. Nenda."

Ndivyo alivyoniambia dada yangu, na usimgombeze.

Alhamisi mchana nikaenda nyumbani kwa Madamu. Alikuwa anamenya matofaa jikoni kwa kupapasa, maganda yanatoka marefu bila kukatika. Hakuniambia kaa, nikakaa. Nikazunguka weee: hali ya hewa, ngazi zimeharibika, orodha imefika. Akaweka kisu chini.

"Umekuja kuniambia nini?"

Sikuweza. Nikasema, "Nimeona umekasirika."

Mama, sijawahi kumsikia anapaza sauti, na siku ile alipaza. Akaniambia nimemfanya mwizi. Nikashangaa, maana mimi nilidhani nimemheshimu. Ndipo akanieleza jambo ambalo halimo kwenye habari zake zote zilizoandikwa magazetini. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu alikuwa msaidizi wa mhariri mmoja mzee, mwenye jina kubwa na pombe nyingi zaidi ya jina. Filamu nzima aliikata Odile peke yake, mzee anakuja alasiri, anasinzia, anaondoka. Filamu ikapata tuzo. Mzee akapanda jukwaani akamshukuru mkewe, mwongozaji, na daktari wake. Odile alikuwa amekaa mstari wa mwisho na gauni aliloazima kwa dada yake. Aliapa siku ile kwamba jina lake halitakaa kamwe juu ya kazi ya mikono ya mtu mwingine.

"Miezi sita nimekaa nyuma yako nimefumba macho," alisema. "Wewe umekata. Halafu unaniambia niandike jina langu peke yangu, nipande, nishukuru daktari wangu. Nilidhani hutaki hata kuonekana pamoja nami. Nilidhani unaona aibu kushirikiana na kipofu."

Nikashika kichwa. Nikamwambia hapana, hapana, siyo hivyo kabisa, na nikamweleza somo lako, Mama, lote, kuanzia supu. Kwamba nilikuwa nasubiri aniulize tena. Alinisikiliza amekunja uso kama anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

"Kwa hiyo nilitakiwa kukuuliza mara ngapi?"

"Tatu."

"Jina, siyo supu! Mara tatu!"

"Kwa jina labda hata nne."

Akaanza kucheka. Alicheka na kufuta machozi kwa aproni, nami nikacheka kwa kuwa nilikuwa nimechoka kulia. Nikadhani sasa ataniuliza ya pili, tumalizane. Akaacha kucheka, akasema, "Sitakuuliza. Mama yako amekulea vizuri, mpe salamu zangu. Lakini hapa mtu akitaka kitu anakisema. Mimi sikukisema nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nilikaa mstari wa mwisho. Sema."

Mama, mdomo ulikuwa mzito. Kusema nataka mbele ya mtu mzima, kuhusu sifa, kwa sauti, ni kama kuvua nguo. Nikasema kwa chini chini. Akasema hajasikia. Macho yake yana shida, masikio hayana, alikuwa amesikia vizuri sana. Nikasema tena, "Nalitaka. Ni kazi yangu, na nalitaka jina langu."

"Basi kesho itabidi na mimi niseme langu," akajibu, na akarudi kwenye matofaa yake. Safari hii ganda lilikatika. Sikuwa nimefikiria hilo. Majina mawili yangehitaji maelezo, na maelezo ni macho yake.

Ijumaa asubuhi Bwana Lucien akaja chumbani kwetu. Madamu alimwambia akiwa amesimama, bila kuzunguka kama mimi. Tangu lini haoni nyuso, kazi ilifanyikaje, nani amekata. Bwana Lucien alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Na mlango?" aliuliza.

"Mlango ni wake."

Akavuta kiti akakaa. Alikasirika, sitakuficha. Alisema angepaswa kuambiwa, kwamba filamu ni yake na imani yake imechezewa. Madamu akajibu, "Ndiyo." Hakujitetea hata neno moja. Bwana Lucien akatoka nje kuvuta sigara, tukabaki tunasikiliza saa ya ukutani, zimebaki dakika arobaini kabla ya orodha kufungwa. Niliomba, Mama, ile sala yako fupi ya kabla ya safari, kwa kuwa nyingine zote zilikuwa zimenitoka. Aliporudi alimwinamia Madamu akambusu paji la uso, akapiga simu kwa wenye orodha. Akaziba simu kwa kiganja akaniuliza niandikwe kwa majina yangu mawili au yote matatu. Nikasema matatu.

Tangu hapo habari za macho ya Madamu zimesambaa. Wengine wanampigia kumpa pole kwa sauti ya msibani, naye anawaambia hajafa. Lakini kuna jioni anakaa kimya, na najua jambo alilokuwa akiliogopa ni hilo hilo, kuonewa huruma. Mimi nimepata barua mbili za kazi, moja nimeijibu kwamba ninaitaka, mara ya kwanza tu, bila kusubiri. Bado naona haya kidogo, lakini mkono uliandika.

Sasa salamu. Nisalimie Baba, mwambie maparachichi yake nimeyaona kwenye picha na yamenawiri, ila ile kofia aitupe. Msalimie Shangazi Atupele, dada yake Baba, mwambie filamu ya huku haina kucheza kwa hiyo asiisubiri. Mama mdogo kule Wanging'ombe, mwambie nimepata ile picha ya mjukuu wake, amefanana naye mdomo. Mwalimu wa kwaya asalimiwe, hata kama mnagombana. Na siku ukishuka Makambako mpitie Mzee Abdallah, bosi wangu wa kwanza, mwambie somo la shangazi ndilo lililonipa kazi. Zawadi simsalimii, tunaongea kila siku na ananisema kila siku.

Nilitaka niishie hapa, lakini karatasi imebaki na sijakueleza siku yenyewe ilivyokuwa.

Filamu ilionyeshwa juzi kwa mara ya kwanza. Ukumbi mkubwa, watu wamependeza, mimi nimevaa kitenge kile cha kijani. Madamu Odile alikataa viti vya mbele, akasema tukae katikati kama watu. Filamu ikaenda mpaka mwisho, amenishika mkono tangu mwanzo, na kwenye mlango aliubana. Taa hazikuwashwa, majina yakaanza kupanda. Akaniinamia sikioni.

"Nisomee."

Nikasoma la mwongozaji, la mwandishi, la mpiga picha, kwa kunong'ona. Ikafika kwetu. Nikasoma lake. Nikanyamaza.

"Endelea," akasema. "Mimi siwezi kuliona."

Nikasoma. Faraja Elieza Mlowe. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na mwanamke aliyekaa mbele yetu akageuka kunitazama. Nilikuwa nimejiandaa kuona aibu, Mama, nayo haikuja.

Ubaki salama, na usiende shambani kabla jua halijatoka, goti hilo linahitaji joto.

Binti yako wa pili,
Faraja